Fundi, Hiyo Paipu Usiizibe Kwanza

Fungua boneti ya Toyota au Nissan yoyote ya miaka ya 1980 iliyozeekea Nairobi, na kabla hujachomoa kijiti cha oili utaanza kuona vizibo. Mpira mmoja umezibwa kwa skrubu ya mbao. Mwingine umekunjwa ukafungwa waya. Wa tatu umeshindiliwa gololi ya beringi. Kuna Sunny B12 niliyoikuta Ngara ambayo mpira wake wa vakyumu, ule mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, ulikuwa umezibwa kwa kipande cha kalamu ya biro, kimekatwa kwa ustadi hadi ungedhani kilikuja hivyo kutoka Yokohama.

Ukimuuliza fundi, jibu halibadiliki. "Mkubwa, hizo ni za mambo ya moshi kule Japani. Huku hazina kazi. Tukiziba gari litapumua." Na kweli, siku hiyo gari hupumua. Mngurumo unatulia, mwenyewe analipa, anaondoka na furaha yake. Baada ya muda gari linaanza kunywa mafuta, au injini inagongagonga likipanda mlima, au linazima kwenye foleni ya Globe saa kumi na mbili jioni. Hapo anaenda kwa fundi mwingine, ambaye anaziba paipu nyingine.

Mimi nina Corolla ya 1985 yenye injini ya 3A-LU, ya kabureta, iliyoletwa nchini ikiwa imeshatumika Japani. Ile U ya mwisho ndiyo alama ambayo Toyota walitumia kwa injini zilizotengenezwa kufuata sheria za moshi za Japani, na ndiyo inayokuletea msitu wa mipira midogo juu ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda. Nimekaa na gari hili vya kutosha kuwa na msimamo wangu. Mfumo ukiwa mzima, hausumbui. Ukitolewa wote na mtu anayejua kazi yake, akapanga upya kabureta na taimingi (wakati wa cheche kuwaka), gari pia litatembea, ingawa moshi wake tutauvuta sisi. Kinachoua magari haya ni nusunusu: paipu mbili zimezibwa, tatu zinafanya kazi, moja inavuja, na hakuna anayejua ipi ni ipi.

Tuanze na kwa nini mipira hiyo ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia Mholanzi aliyekuwa Caltech, alionyesha kwamba ule ukungu uliokuwa ukiwawasha watu macho Los Angeles ulitokana na mvuke wa petroli isiyoungua na oksaidi za nitrojeni vikipigwa na jua. California ikaanza na jambo jepesi: magari mapya ya modeli ya 1961 yakafungwa vali ya PCV, inayourudisha ndani ya injini mvuke wa chini ya pistoni ambao awali ulikuwa ukimwagwa barabarani. Baadaye zikaja pampu za hewa, makopo ya mkaa ya kunasa mvuke wa tangi, EGR ya kurudisha moshi kidogo ndani ya injini, na katalitiki ya kuusafisha kwenye ekzosti. Japani nao wakakaza kamba hadi kiwango cha 1978, gramu 0.25 tu za oksaidi za nitrojeni kwa kilomita, na kila kampuni ikatafuta njia yake. Honda walikuwa wameshatoa injini ya CVCC, iliyofuzu viwango vya 1975 vya Marekani bila katalitiki. Toyota wakaita mambo yao TTC, Nissan wakasema NAPS, Mitsubishi MCA. Herufi hizo bado utazikuta kwenye vibandiko chini ya boneti za magari yetu.

Jambo la kushika ni kwamba mengi ya magari haya hayana kompyuta, na yaliyo nayo yameachia vakyumu kazi kubwa. Vakyumu ya manifoldi inavuta kiwambo hiki, kinafungua vali ile. Maji ya injini yakipata moto, vali ya joto inaachia njia nyingine. Kidude cha plastiki chenye rangi mbili kinachelewesha mvuto kwa sekunde kadhaa ili taimingi isiruke ghafla. Ni hesabu inayofanywa kwa pumzi. Ukiziba pumzi hapa, jibu linaharibika kule, mahali ambapo hukugusa.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo ni la Nairobi hasa. Chombo cha kwanza cha kazi hii ni geji ya vakyumu. Unaichomeka kwenye manifoldi, injini ikiwa na moto wake wa kawaida na mguu uko mbali na pedali, unasoma. Vitabu vinasema injini nzima itaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu, yaani futi 5,500 hivi, na kila futi 1,000 hukula takriban inchi moja. Kwa hiyo hapa injini nzima itasoma kuanzia 11 na nusu hadi 15 na nusu, na wala haina ugonjwa.

Niliwahi kuambiwa na gereji moja ya Industrial Area kwamba injini yangu imekwisha, pistoni na ringi zote za kubadilisha, kwa sababu geji ilisoma 14. Wakapima na kompresheni, yaani shinikizo la ndani ya silinda, ili kunishawishi, nayo ikawa chini ya kitabu. Kompresheni pia hushuka na mwinuko, kama asilimia 3 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo hapa kwetu usishangae kukosa sehemu ya sita ya kile kilichoandikwa. Muhimu ni silinda nne zilingane. Zangu zililingana. Nikalipa pesa ya kupimiwa, nikachukua ufunguo wangu.

Ndiyo maana naangalia zaidi sindano inavyotembea kuliko namba inayoonyesha. Ikitulia mahali pamoja kwenye kiwango chetu, sawa. Ikitulia lakini chini sana, kuna hewa inaingia pasipotakiwa, au taimingi imechelewa. Ikiruka kwa mpigo mmoja, mmoja, mmoja, kuna vali ya silinda isiyofunga. Halafu kuna jaribio ambalo wengi hawalifanyi: shika injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na uiache hapo. Sindano ikianza kushuka taratibu, taratibu, ekzosti imeziba, na mara nyingi ni katalitiki iliyoyeyuka ndani.

Kati ya matatizo yote, kuvuja kwa hewa ndiko kunakoongoza. Mipira hii imepikwa karibu miaka arobaini juu ya manifoldi ya moto. Ukiiangalia inaonekana mizima. Ikunje mwisho wake karibu na kichomekeo, nyufa zinajitokeza. Njia yangu ni koleo yenye meno yaliyofunikwa kwa kitambaa: injini ikinguruma, nabana mpira mmoja mmoja na kusikiliza. Ukibana mpira na mngurumo ukabadilika, vuja liko mbele ya hapo: ama mpira wenyewe, ama kiwambo kilichotoboka mwisho wake. Kumwagia petroli kuzunguka kabureta ili usikie mngurumo ukipanda, kama wafanyavyo baadhi, ni kutafuta moto. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia yanatosha. Mngurumo utayumba pale pale yanapovutwa ndani.

PCV nitaizungumza kupitia gari la jirani, kwa sababu ni kisa kinachoudhi. Nissan yake ilikuwa inavuja oili nyuma ya injini. Sili ya krankishafti ikabadilishwa, gia ikashushwa, gharama yake unaijua. Ikavuja tena. Ikabadilishwa tena, safari hii wakalaumu spea ya Dubai. Nilipomwomba aiwashe, nikafungua kifuniko cha oili na kuweka juu ya tundu risiti ya supamaketi. Injini nzima huivuta risiti ikabandika. Ya jirani iliipeperusha hadi kwenye betri. Vali ya PCV, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kilikuwa kimegandamana kwa tope la oili. Ukikitikisa karibu na sikio kinapaswa kutoa mlio wa kitu kinachocheza ndani. Hiki kilikuwa kimya. Shinikizo lisipopata njia ya kurudi kwenye manifoldi hutafuta njia kwenye sili, na sili mpya haiwezi kulishinda. Hakuna mfumo wa moshi ambao ni rahisi kupima kuliko huu, na hakuna unaosahaulika zaidi.

Vali za joto ndizo zinazotaka subira. Kwenye Toyota ni kidude cha shaba chenye vichomekeo viwili au vitatu vya plastiki juu, kimezamishwa kwenye njia ya maji ya injini. Kikiwa baridi kinafunga vakyumu isifike kwenye EGR, kwa sababu injini baridi ikirudishiwa moshi itatetemeka na kuzima. Kikipata joto kinafungua. Kikikwama kimefungwa, EGR haifanyi kazi kamwe. Kikikwama wazi, kila asubuhi ya Julai utakuwa unazima getini huku mlinzi akikuangalia.

Nilikipima kwenye jiko la gesi. Unakitoa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa spana inayokaa sawasawa, kwa maana vile vichomekeo vikishazeeka vinakatika kwa kuguswa tu. Unachomeka vipande viwili vya mpira safi, unakifunga waya, unakining'iniza kwenye sufuria ya maji, sehemu ya shaba tu ndani, pamoja na kipimajoto cha jikoni. Unapuliza: hakuna kitu. Unawasha moto mdogo. Unapuliza tena, tena, na kwa muda unajisikia mjinga. Kisha, maji yakiwa yanaanza kutoa vipovu vidogo pembeni, pumzi inapita ghafla upande wa pili, na kipimajoto kinakuambia ni nyuzi ngapi. Unaandika. Halafu unazima moto na kuendelea kupuliza hadi kifunge, maana kuna vinavyofungua vizuri na kukataa kurudi. Usisubiri nyuzi 100, Nairobi maji yanachemka karibu nyuzi 94. Sufuria ile ilibaki gereji. Mama watoto hakutaka hata kuisikia.

Vile vidude vya plastiki vya rangi mbili ni rahisi zaidi, ila vina ujanja wake. Hewa inatakiwa ipite kwa urahisi upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Ikipita sawa pande zote, kimekufa. Isipopita kabisa, kimeziba. Na kikiwa kizima lakini kimegeuzwa, ambalo ni jambo la kila siku, taimingi itaruka pale inapotakiwa kutambaa. Kibandiko cha chini ya boneti huonyesha rangi ipi inatazama wapi. Kipige picha leo.

Sasa EGR yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo paipu ya kwanza kuzibwa na ndiyo yenye madhara yaliyojificha zaidi. Kazi yake ni kurudisha kiasi kidogo cha moshi kwenye mchanganyiko unaoingia. Moshi hauungui mara ya pili. Unachukua nafasi na kupunguza joto la mlipuko, na joto likipungua, oksaidi za nitrojeni nazo zinapungua. Ila aliyechora ile taimingi alijua moshi huo utakuwepo. Akaruhusu cheche itangulie zaidi. Ukiziba EGR ukaacha taimingi vile vile, mlipuko unakuwa wa moto zaidi ya alivyokusudia, na injini inaanza kugonga ikibebeshwa mzigo.

Ajabu ni kwamba Nairobi mara nyingi huisikii. Hewa ya huku ni nyepesi, silinda inajaza kidogo, shinikizo ni dogo, kwa hiyo injini inasamehe. Unazunguka Westlands na Lang'ata mwaka mzima ukisema fundi alikuwa sahihi. Kisha Desemba unapakia watoto na mizigo kuelekea Mombasa. Ukishapita Mtito Andei, gari linakaribia Voi, joto limepanda, mwinuko umeshuka kwa zaidi ya kilomita moja tangu ulipotoka nyumbani, hewa ni nzito, gari limejaa, unapita lori, na injini inaanza kutoa ule mlio wa kugongagonga. Wakati huo huo, kama kabureta ilipunguzwa petroli ili ikae vizuri Nairobi, huku chini mchanganyiko umekuwa mkavu, yaani petroli ni kidogo kuliko hewa inavyotaka, na mkavu huongeza joto. Gasketi ya silinda hedi inaungulia hapo. Watu hulaumu radieta.

Fundi wa njiani atafanya nini? Atarudisha taimingi nyuma. Kugonga kutaisha, nguvu zitaisha pia, na ekzosti itakuwa nyekundu. Ukirudi Nairobi, mlima wa kwenda Limuru utaupanda na gia ya pili.

Kupima EGR ni kazi ya dakika chache ukiwa na pampu ya mkono ya vakyumu. Injini ikiwa moto na inanguruma chini, chomoa mpira wa EGR, chomeka pampu, vuta. Injini ikitetemeka na kutaka kuzima, vali iko sawa na njia zake zipo wazi. Kinachobaki ni kujua kwa nini vakyumu haikuwa ikifika. Vali ikifunguka, unaliona shina likipanda, lakini injini haijali, njia za moshi zimejaa masizi na zinahitaji kukwanguliwa kwa waya. Pampu ikikataa kushikilia mvuto, kiwambo kimetoboka. Na ukichomoa mpira ukiwa na mngurumo mbovu, mngurumo ukabaki mbovu vile vile, vali yenyewe inaweza kuwa imekwama wazi kwa kipande cha masizi. Ifungue uangalie. Nimeona watu wakinunua kabureta nzima ya mtumba kwa ajili ya kipande hicho.

Baadhi ya Toyota zina kidude cha ziada, HAC, kinachofidia mwinuko. Ndani yake kuna kapsuli inayotanuka hewa ikiwa nyepesi na kuruhusu kabureta ivute hewa zaidi kuanzia kama mita 1,200 hivi. Kama lako linacho, hapa Nairobi mlango wake unapaswa kuwa wazi, puliza ujue. Likiwa nacho na kikifanya kazi, mtu asikuguse jeti, vile vitundu vya petroli vya kabureta.

Kopo la mkaa: ukisikia harufu ya petroli gari likiwa limesimama juani, au likigoma kuwaka tena baada ya kuegeshwa moto, angalia hapo na kwenye mipira yake. Kifuniko cha tangi kilichotolewa kwenye gari jingine nacho huleta visa vya ajabu. Vali ya kuvuta hewa kwenye ekzosti, ile yenye ulimi mwembamba wa chuma: ulimi ukivunjika, moshi unarudi nyuma hadi kwenye kasha la filta, na mpira wake unaungua. Pitisha kidole ndani ya mpira. Kikitoka cheusi kwa masizi, umepata.

Katalitiki ni kisa cha huzuni ya aina yake. Magari ya namna hii yalimiminika Kenya wakati vituo vyetu vilikuwa bado vinauza petroli yenye risasi. Risasi hupaka juu ya platinamu na kuiua, kwa hiyo katalitiki nyingi zilikufa bila mtu kujua, kisha zikaziba, kisha zikatobolewa kwa nondo. Kampeni ya kuondoa risasi ilisukumwa kutoka hapa hapa Gigiri, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha 2021. Kwa hiyo leo petroli ya Nairobi inaifaa katalitiki, na U ile ya injini hatimaye imepata mafuta iliyotengenezewa. Ila kabla ya kununua nyingine hakikisha kabureta haimwagi petroli, la sivyo utaipika mpya pia.

Kwa mipira, nenda Kirinyaga Road na kipande cha zamani mkononi, usiende na kipimo cha kichwani. Wanauza kwa mita. Muuzaji atakuonyesha ya silikoni ya rangi ya samawati, inang'aa, na atakwambia haifi. Kwa vakyumu tupu ni kweli inavumilia joto. Kwa mpira unaopitisha mvuke wa petroli, kama ule wa kopo la mkaa, ikatae. Silikoni na petroli havielewani. Badilisha mmoja, chomeka, ndipo uchomoe wa pili. Ukichomoa yote kwa pamoja utarudi kwenye biashara ya kalamu za biro.

Langu sasa limebaki na ule ulimi wa vali ya hewa, umepinda na unapiga mluzi likiwa baridi. Kuna mtu Kariobangi anavunja Corolla ya aina hiyo hiyo mwezi huu. Ameniahidi vali, na kwa bei aliyotaja namshuku kwamba ameshajua hakuna mwingine anayeitaka.